MZAZI MFUGAJI SI MTUHUMIWA!

Nimekuwa kimya hapa kwa muda, wengine mkaanza kuniuliza kama nimeolewa nikasahau kuwaalika. Hapana jamani. Nilikuwa Sumbawanga, kisha nikateremka Bonde la Ziwa Rukwa, na nimerudi na jambo ambalo limenikaa kooni. Leo nalitema.

Najua ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda Sumbawanga swali lake la kwanza ni radi, la pili ni uchawi. Mimi wakati naaga nilishauriwa nilipe madeni ya watu kabla ya kupanda basi. Tukacheka sana. Ndivyo tunavyoijua Ufipa sisi wa mjini, kwa vichekesho. Wachache wanajua kwamba kutoka pale Sumbawanga, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, unapoamka asubuhi na koti na kofia ya sufu, unaweza kuteremka mlima wa Lyamba lya Mfipa ukafika bondeni karibu mita 800 tu, ukavua koti, ukavua sweta, ukabaki unatafuta kivuli. Juu ni mahindi, maharage na ulezi. Chini ni joto, mpunga, samaki na ng'ombe. Ng'ombe wengi. Na wenye ng'ombe hao kwa sehemu kubwa ni Wasukuma, ambao wao au wazazi wao walianza kuingia huku tangu miaka ya 1970 na 1980, wakitoka Shinyanga na Mwanza kwa kupitia Tabora na Mpanda, wakifuata malisho.

Habari yangu inahusu watoto wao na shule. Lakini kabla sijamlaumu mtu, nianze na mimi mwenyewe.

KOSA LANGU

Mwaka 2023 niliandika habari kuhusu utoro katika shule za bondeni. Kichwa chake kilikuwa kama vile mnavyovijua: wafugaji wahamahamaji wakwamisha elimu. Niliongea na ofisa mmoja, mtendaji wa kata mmoja, mwalimu mkuu mmoja na diwani. Wote wanne waliniambia jambo lilelile, kwamba hawa watu hawathamini elimu, wanathamini ng'ombe. Mhariri akanipongeza. Habari ikatoka na picha nzuri, kundi la ng'ombe na vumbi na mtoto mwenye fimbo nyuma yake.

Msomaji, hebu hesabu. Watu wanne, na hakuna mzazi hata mmoja! Hakuna mtoto hata mmoja! Mtoto aliingia kwenye picha tu, na mgongo ukiwa kwetu.

Safari hii nilirudi bondeni kwa shughuli nyingine kabisa. Mwenyeji wangu akanipeleka kwenye boma moja tukanywe maziwa. Nikasalimia, "Shikamoo baba." Mzee akaitikia marahaba, akaniangalia kwa muda, halafu akaniuliza, "Binti, wewe ndiye yule wa gazeti?"

Moyo ukapiga paa. Nikasema ndiye mimi.

"Mtendaji alisoma maneno yako mkutanoni," akasema. "Baada ya wiki mbili mgambo wakaja."

Hakusema kwa hasira. Akaniletea kigoda, nikakaa, akaniletea maziwa. Alikamatwa yeye na wazazi wengine, wakalala mahabusu usiku mmoja, wakatakiwa kulipa faini. Aliuza mtamba. Na yule mtoto aliyesababisha yote hayo alirudi darasani, akakaa wiki tatu, akaacha tena. Maana kilichokuwa kinamtoa shuleni kilikuwa bado kiko palepale, wala hakuna aliyewahi kukiuliza.

KILICHOMTOA DARASANI

Nikauliza mimi, nimechelewa lakini nikauliza. Nitaeleza kama nilivyoelezwa na baba, na mama, na mtoto mwenyewe aliyekuwa amejificha nyuma ya ghala akisikiliza.

Kijana ana miaka 12. Alianza darasa la kwanza akiwa hajui Kiswahili zaidi ya salamu na kuhesabu. Nyumbani ni Kisukuma, machungani ni Kisukuma, hata ng'ombe wanaitwa kwa Kisukuma. Darasani mwalimu anasema Kiswahili, na watoto wenzake wakiwa uwanjani wanasema Kifipa. Akikosea neno darasa zima linacheka. Akaanza kukaa nyuma. Ukikaa nyuma katika darasa lenye watoto zaidi ya mia moja (niliingia, nikahesabu madawati na waliokaa chini) mwalimu hakuoni tena mpaka siku ya mtihani.

Halafu njia. Anatembea saa moja na nusu, na masika kuna mto unaojaa. Akichelewa, viboko. Kanuni za viboko za nchi hii zinasema visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye, na viandikwe kwenye kitabu. Muulize huyo kijana kama alishawahi kuona kitabu.

Halafu kuhama. Kiangazi kikikaza, kuanzia Agosti hivi hadi mvua za Novemba, sehemu ya familia huondoka na ng'ombe kufuata maji na majani. Yeye ni mmoja wa wanaoondoka. Mwaka mmoja walikaa huko miezi mitano, baba akampeleka shule iliyokuwa karibu. Akaambiwa alete barua ya uhamisho. Shule aliyotoka ikamwambia mtoto ameshafutwa kwa utoro, barua ya nini? Akakaa nyumbani miezi mitano. Aliporudi shule yake ya kwanza akarudishwa darasa la chini, na wenzake wadogo wakampa jina la babu.

Na baba je, alikaa tu? Aliitwa shuleni mara tatu. Mara ya kwanza alisimamishwa mlangoni mwa ofisi akafokewa mbele ya watoto. Mara ya pili alidaiwa mchango wa chakula. Mara ya tatu alisainishwa karatasi, na kwa kuwa hajui kusoma aliweka dole gumba, mpaka leo hajui ilikuwa inasema nini. Hakuna hata siku moja mwalimu alimwambia: mzee, mtoto wako hajui kusoma silabi, wewe nyumbani unaweza kumsaidia hivi na hivi.

"Mimi sikusoma," mzee akaniambia. "Nilidhani nikimpeleka pale nimemaliza. Kama kuna kingine ninachotakiwa kufanya mbona hawasemi?"

Hilo swali ndilo lililonifanya niandike leo. Mbona hatusemi?

SHERIA INAJUA KUKAMATA

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto na ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Asipofanya hivyo ni kosa. Sawa. Sipingi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto haki ya elimu. Sipingi hata nukta. Na sasa Sera ya Elimu, toleo la 2023, inasema elimu ya lazima iwe miaka 10. Maana yake mtoto anayepotea darasa la tatu atakuwa amepoteza zaidi kuliko aliyepotea zamani.

Lakini angalia tunavyoitumia sheria hiyo bondeni. Kila ukitokea utoro, zana iliyopo mkononi ni mgambo. Mtendaji akiulizwa na wakubwa zake amefanya nini kuhusu utoro, anajibu nimekamata wazazi kadhaa. Idadi ya waliokamatwa inakuwa ndiyo mafanikio. Hakuna anayeuliza waliorudi darasani walikaa siku ngapi.

Nikiandika hivi najua kuna mtu ameshakunja uso. Anasema huyu dada amekunywa maziwa ya watu amelainika. Hebu nikubali yanayotakiwa kukubaliwa. Wapo wazazi wanaomwambia mtoto aandike majibu ya uongo katika mtihani wa darasa la saba asichaguliwe sekondari. Wapo wanaomhesabu binti kwa ng'ombe kabla hajamaliza shule. Wapo wenye ng'ombe mia tatu ambao mtoto wao hana daftari. Hao nimewasikia na sitawatetea. Anayemwoza mwanafunzi apelekwe mahakamani, marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yapo na yana meno.

Ila mzee wangu wa maziwa si huyo. Na wengi niliozungumza nao baadaye kwenye maboma mengine si hao. Tunachofanya ni kuchukua kosa la mmoja na kulivika kabila zima, halafu tunashangaa mbona wazazi wakiona mwalimu anakuja na pikipiki wanatokea nyuma ya boma. Ungekuwa wewe ungebaki?

NANI ANAWAHAMISHA?

Neno "wahamahamaji" tunalitamka kama tusi. Kama vile kuna watu waliozaliwa na ugonjwa wa miguu isiyotulia. Jamani, tuwe wakweli. Mwaka 2006 na 2007 serikali yenyewe iliondoa wafugaji na mifugo yao Usangu, Ihefu, wakasukumwa kwenda Lindi, Pwani na kwingineko. Mwaka 2012 operesheni ikafika Bonde la Kilombero. Kila operesheni kama hiyo ilibeba watoto waliokuwa kwenye daftari la mahudhurio la shule fulani. Hatukuwahi kusikia operesheni iliyotangaza: ng'ombe wapite huku, na barua za uhamisho za wanafunzi zipite huku.

Sasa linganisha. Mkuu wa wilaya anahamishwa. Ofisa wa benki anahamishwa. Mwalimu mwenyewe anahamishwa kutoka Nkasi kwenda Kalambo. Mtoto wake anakosa shule? Thubutu! Barua inaandikwa siku hiyohiyo, simu inapigwa, namba yake ya mtihani inahamishwa kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, mtoto anafika kule dawati linamsubiri. Huyo naye amehama. Tofauti ni kwamba akihama mtoto wa ofisa tunasema baba kapata uhamisho. Akihama mtoto wa mfugaji tunasema mtoro.

Na kalenda yenyewe haimwoni. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba. Upimaji wa darasa la nne ni kati ya Oktoba na Novemba. Ndiyo miezi ileile ambayo majani bondeni yamekauka na mifugo imesogea mbali! Sisemi mtihani wa taifa uhamishwe kwa ajili ya ng'ombe. Nasema mwalimu mkuu anayejua kwamba watoto arobaini wa shule yake wataondoka Agosti, na ambaye Juni hajaitisha kikao na wazazi wao kupanga nani abaki na bibi, nani afikie kwa ndugu karibu na shule, nani apewe barua ya shule nyingine mapema, huyo utoro ameupanga mwenyewe kwenye ratiba.

WENZETU

Mkidhani naongea ndoto, tutoke nje kidogo halafu turudi Rukwa.

Uingereza kuna jamii za wasafiri, wale wanaoishi kwenye misafara na kufuata kazi toka mji mmoja hadi mwingine. Nao wanadharauliwa vilevile, watoto wao wanataniwa shuleni, wazazi wengi hawakusoma. Ireland ilichukua mpaka Machi 2017 kuwatambua rasmi wasafiri wake kama jamii yenye asili yake. Siwasifu wazungu, maana nao wana madhambi yao kwa watu hawa. Lakini angalia Sheria ya Elimu ya Uingereza ya mwaka 1996. Inasema mzazi ambaye kazi yake inamlazimu kusafiri hataonekana ana kosa la utoro kama mtoto amehudhuria kadiri kazi hiyo inavyoruhusu, na kama ni wa miaka 6 au zaidi awe amehudhuria angalau vipindi 200 vya nusu siku kwa mwaka. Ni kama siku 100. Kwetu mwaka wa masomo ni siku 194. Maana yake sheria imemwona mtu anayehama ikamwambia: najua unahama, haya ndiyo ninayokudai. Deni linalolipika. Mzazi analijua, mwalimu analijua, mtoto analijua.

Hutaki wazungu? Nigeria ina tume ya taifa ya elimu ya wahamahamaji tangu mwaka 1989. Kenya, hapo jirani, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliweka baraza maalumu kwa ajili hiyo, NACONEK. Si kwamba Turkana na Garissa mambo yamekwisha, hayajaisha. Lakini angalau kuna ofisi ambayo kazi yake ni kuamka asubuhi na kuuliza mtoto wa mfugaji yuko wapi. Bondeni kwetu ofisi inayouliza swali hilo ni ya mtendaji wa kata, na anauliza akiwa na pingu.

TUNAJUA, ILA TUMESAHAU NJIANI

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Tanzania tayari imeshajifunza namna ya kufanya. Na imejifunza kwa Wasukuma haohao!

Kati ya mwaka 2014 na 2020 mradi wa EQUIP-Tanzania ulifanya kazi Shinyanga, Simiyu, Tabora na mikoa mingine. Huko kulikuwa na madarasa ya utayari wa kuanza shule, vijijini kabisa, ambapo mtoto asiyejua Kiswahili alifundishwa kwa hadithi na michezo na mtu wa kijijini kwake kabla hajaingia darasa la kwanza. Kulikuwa na ushirikiano wa wazazi na walimu, UWAWA, ambapo wazazi wa kila darasa huchagua wawakilishi wao wakakae na mwalimu wa darasa wazungumze habari za watoto, kwa mazungumzo na siyo kwa barua. Mwaka 2022 ukazinduliwa mradi wa Shule Bora, nao kwa fedha za Uingereza, na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa yake. Kwa hiyo hayo maneno, UWAWA na mengine, Sumbawanga yapo. Yapo kwenye miongozo. Swali ni kama yameteremka mlima.

Maana mzazi wa Maswa akiwa Maswa ni mzazi, anachaguliwa UWAWA. Akihamia Bonde la Rukwa na ng'ombe wake, mzazi yuleyule, lugha ileile, mtoto yuleyule, anageuka kuwa mvamizi. Amebadilika nini njiani zaidi ya anwani?

NINI KIFANYIKE

Mimi ni mwandishi, si mwalimu. Lakini nimekaa na walimu wawili wazuri sana kule bondeni, nimekaa na wazazi, na haya ndiyo waliyoniambia. Hakuna hata moja linalohitaji msaada wa benki ya dunia.

Kwanza, mzazi aitwe kabla ya kosa. Kikao kimoja Januari na kimoja Juni, siku ambayo si ya mnada, mahali panapofikika, na pawe na mtu wa kutafsiri Kisukuma. Mzazi akalishwe kwenye kiti. Naandika hili la kiti kwa makusudi.

Pili, mzazi asiyejua kusoma aelezwe kwamba bado anaweza kusaidia. Mwalimu mmoja alinionyesha anavyofanya. Anamwambia baba: kila jioni mwambie mtoto akusimulie jambo moja alilojifunza. Mwambie akusomee ukurasa mmoja, wewe fuata kidole chake. Kidole kikikwama kila mara palepale, njoo uniambie. Daftari likiwa na alama nyingi nyekundu, njoo. Likiwa halina alama yoyote, njoo haraka zaidi, maana hapo mimi ndiye sifanyi kazi. Wazazi wakacheka, lakini wanakuja.

Tatu, kuchunga kupangwe. Familia yenye watoto watano wa kiume haihitaji wote watano machungani kila siku. Boma mbili tatu zinaweza kuunganisha ndama na kuajiri mchungaji mtu mzima kwa zamu. Hili wazazi wenyewe wameliweza kwenye kitongoji kimoja nilichopita. Walichohitaji ni mtu wa kuwakutanisha, na waliyempata ni mwenyekiti wao wa kitongoji.

Nne, barua ya uhamisho iwe haki, isiwe hisani. Mtoto anayeondoka Agosti apewe karatasi yake na namba yake, na shule inayompokea ikatazwe kumfukuza eti karatasi haijakamilika. Ampokee kwanza, karatasi atazifuata mwalimu. Ruzuku ya shule inahesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi, 10,000 kwa mwaka, basi na kichwa hicho kifuatwe kinapokwenda.

Tano, shule shikizi. Mwaka wa fedha 2021/22, kwa fedha za UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 3,000 ya shule shikizi nchini. Jambo zuri, nalisifu bila kung'ata maneno. Lakini darasa bila mwalimu ni banda. Bondeni niliona wazazi, haohao wasiothamini elimu, wamechangishana wanamlipa kijana wa kujitolea aliyemaliza kidato cha nne awafundishe watoto wao wadogo. Wanamlipa kwa mahindi na hela kidogo. Sasa niambie, mtu asiyethamini elimu anatoa debe la mahindi kwa mwezi kwa ajili gani?

Sita, hili la walimu wenyewe. Sitaki mtu asome hapa aone nimewageuza walimu kuwa adui. Yule mwalimu wa darasa la watoto zaidi ya mia moja anaishi chumba kimoja cha kupanga, maji anachota kisimani, na hakuna aliyewahi kumfundisha afanye nini na mtoto anayeingia darasani na lugha nyingine. Naye ameachwa peke yake kama yule mzee. Tofauti yao ni kwamba mmoja ana fimbo na mwingine ana dole gumba. Tukiwakalisha pamoja huenda wakagundua wanalia kilio kimoja.

KWAKO WEWE WA MJINI

Utaniuliza, mimi wa Sinza au Mikocheni nifanye nini na habari za bondeni? Kitu kimoja tu. Ukisoma habari kama ile yangu ya 2023, angalia ameongea nani. Kama hakuna mzazi, tupa. Wewe ndiye tunayekuandikia, na ukizikubali tutaendelea kukuletea. Vichwa vile vya habari vinasomwa mikutanoni na baadaye vinageuka faini na mitamba iliyouzwa. Nilidhani naandika gazeti, kumbe nilikuwa naandika hati ya kukamatwa.

Na wewe mwandishi mwenzangu, teremka kwenye gari ya ofisa. Panda Noah na abiria, wakushushe njiani, tembea mpaka kwenye boma. Ukifika sema mwangaluka kama ni asubuhi. Utaletewa kigoda.

Siku ya kuondoka nilimwomba radhi yule mzee. Akasema yamepita. Halafu akamwita kijana wake, akamwambia alete daftari. Lilikuwa limekunjwa, limelowa maziwa pembeni. Akanipa mimi nilisome, na yeye akainama kuangalia, kana kwamba akiangalia sana herufi zitamjia.

"Ana makosa wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Mtoto alikuwa anachanganya b na d, na alikuwa anaruka silabi zenye herufi tatu, mba, nda, nga. Ni hayo tu. Miaka mitatu ya utoro, mgambo, mahabusu, faini na mtamba mmoja, na ndani yake kulikuwa na mba, nda, nga. Tukakaa chini ya mti saa nzima, mimi, mzee na kijana, tukichora herufi mavumbini kwa fimbo ya kuchungia. Mama akawa anapita pita na ndoo, akijifanya hana habari, mara akasimama naye akaandika ya kwake.

Nilipoondoka mzee aliniuliza kama mwalimu naye anaweza kukaa hivi, hata mara moja kwa mwezi.

Sikuwa na jibu la kumpa. Wenye jibu wako maofisini pale Sumbawanga, mwendo wa saa chache tu kupanda mlima. Naomba mtu awapelekee swali.

Nawasilisha.